Maji Yakijaa

Mtoto wa ami yangu kazaliwa Mombasa, anaishi London, na kaskazi hii katuletea maradhi mapya. Alikwenda Ubelgiji, akatembezwa mashambani na kwenye makaburi ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tangu hapo chai hainyweki nyumbani kwangu bila hadithi ya Menin Gate. Picha zote nimeonyeshwa, ng'ombe kwa ng'ombe. Sasa najua kwamba lango hilo la mji wa Ypres limechongwa majina ya askari zaidi ya 54,000 ambao makaburi yao hayajulikani, na kwamba tangu 1928 tarumbeta hupigwa pale kila siku saa mbili usiku, isipokuwa miaka mji ulipokuwa mikononi mwa Wajerumani.

"Saa mbili kamili, bin ami! Kamili!" Kisha, mdomo umejaa mahamri yangu: "Nyinyi Lamu mna nini?"

Nikampeleka Shela. Kwa miguu, makusudi, jua la utosi. Nikamwonyesha vilima vya mchanga. Hapa, kiasi cha mwaka 1813, Wamazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate walishuka kuja kuutwaa mji wetu. Waamu wakawarudisha mbio hadi ufuoni, na ufuoni maji yamekupwa, vyombo vimepwelewa, vimelala ubavu kama ngamia waliogoma. Waliuawa wengi hata mifupa ikawa inafukuliwa na upepo miaka na miaka. Waamu nao, kwa kuogopa kisasi, wakamwita Sayyid Said wa Omani awalinde. Ngome ya mji ikamalizika 1821, na mlinzi akanogewa, hakuondoka. Ukiita mlinzi, weka na bajeti ya chakula chake.

"Kibao kiko wapi?" akauliza.

Kibao hakuna. Majina? Hakuna. Alikuwapo Mzungu mmoja tu, kajilaza kifudifudi anaubabua mgongo. Binamu akamtazama kwa matumaini, akidhani ndiye mtembeza wageni.

Basi akataka mashamba. Nikamwambia twende Pate, akaone tumbaku inavyooteshwa katikati ya magofu, na ngome ya Siyu, mji uliowasumbua masultani wa Unguja.

"Boti yaondoka saa ngapi?"

"Maji yakijaa."

"Yanajaa saa ngapi?"

"Leo si kama jana."

Akanikazia macho, utadhani ratiba ya mwezi niliipanga mimi.

Siku ya safari tukamngojea abiria mmoja na mbuzi wake, na mbuzi hakuwa na haraka. Tulipofika mlango wa Mkanda, maji yalikwisha kutuacha. Boti ikakaa kitako kwenye matope. Nahodha akazima mashine, akajifunika kikoi usoni. Binamu akasimama, anaigongagonga saa yake, anataka kujua nani anawajibika, tutaondoka lini, na kwa nini ratiba haikubandikwa jetini. Mbuzi peke yake ndiye aliyemjibu.

Nahodha akafunua jicho moja.

"Huyu mgeni wako kwao wapi?"

"Mombasa."

"Tena?" akasema, akajifunika.