Sifa za Kusakinisha

Hakuna kazi tamu kama kuandaa kompyuta kabla ya kuanza kazi yenyewe, na wahandisi wanaoilalamikia hawajui wanachochezea. Programu ikishaandikwa, lawama huanza: imekwama, imeacha maji yakimwagika usiku kucha, imelala siku ambayo jua lilikuwa kali. Lakini nani amewahi kumlaumu mtu ambaye bado anasakinisha? Hajaharibu kitu cha mtu.

Mzee mmoja wa Bahati, hapa nje ya Nakuru, ana grinihausi ya nyanya na anataka kidude cha kupima unyevu wa udongo na kufungua valvu ya maji chenyewe. Haombi makuu, mashamba makubwa ya maua kule Naivasha yana kompyuta za kumwagilia. Bodi inayofaa ni ile yenye chipu ya ESP32, iliyotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai. Inaenea kiganjani. Unaiagiza Luthuli Avenue, Nairobi, inapanda matatu asubuhi, mchana unayo. Asiye na subira hudhani hapo amefika.

Kwanza kuna waya. Naomba tuupe heshima yake waya wa chaji wa mchuuzi wa steji, ambao wasomi wanaudharau. Unauchomeka, taa nyekundu ya bodi inawaka, moyo unachangamka, na laptopu inanyamaza kimya. Unahamia mlango mwingine wa USB. Unasakinisha draiva. Unazima, unawasha, unaifuta draiva na kuweka nyingine. Mwishowe unachukua wembe, unaupasua ule waya, na ndani, mahali pa nyuzi nne, zimo mbili tu: nyekundu na nyeusi, za umeme. Ile ya kijani na ile nyeupe, zinazopitisha data, hazikuwekwa. Lakini tazama uadilifu wake! Uliuzwa kuwa wa chaji, ukachaji. Wanasiasa tunaowachagua wangekuwa na nusu ya tabia hiyo, barabara zingekuwa na lami.

Ukishapata waya kamili, Linux inakukataza kuugusa mlango wa USB wa mashine uliyoinunua kwa pesa zako mwenyewe. Sharti uandikishwe kwenye kundi la wenye ruhusa, kisha utoke na kuingia upya, kama mtu anayetafuta barua ya chifu ili afungue geti la kwake. Na kwenye Ubuntu 22.04 kuna utamu zaidi. Mle ndani mna programu iitwayo brltty, inayowahudumia wasioona kupitia vifaa vya Breli. Chipu ya CH340, iliyoko kwenye bodi nyingi za bei nafuu, inajitambulisha kwa namba ileile ya mojawapo ya vifaa hivyo. Basi bodi ikichomekwa, brltty inaidaka kwa upendo na mlango unatoweka. Sijui hitilafu nyingine yenye roho nzuri kiasi hicho. Mtu anaona hata aibu kuiondoa.

Windows nayo ina adabu zake. Zana nyingi za kazi hii hazipendi njia ya faili yenye nafasi katikati. Aliyejisajili kwa jina lake na la baba yake, kama alivyolelewa, anaambiwa kwa maandishi mekundu kwamba folda haionekani. Amkane baba au ahamishe kila kitu. Wengi huhamisha.

Halafu zana zenyewe. Programu yote ya mzee, siku ikikamilika, itatosha ndani ya megabaiti 4 za bodi na nafasi itabaki. Zana za kuitengenezea ni gigabaiti kadhaa, zinazoshushwa kwa bando la usiku. Stima ikipotea katikati, tusinung'unike, sisi tulio kaunti moja na Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Mvuke upo, haukimbii. Wewe toka nje, wasalimie majirani, ujue nani kajifungua na gunia la viazi limefika bei gani. Ukirudi utaanza kushusha upya, ukiwa raia mwema zaidi.

Hatimaye vyote vinakubaliana, na hapo inabaki ibada ya kitufe. Kwenye skrini vinukta vinajipanga, kimoja baada ya kingine, kompyuta ikiibembeleza bodi iitike. Bodi nyingine haziitiki mpaka ubonyeze kitufe kidogo kilichoandikwa BOOT, kidogo kuliko punje ya dengu, na ukishikilie kwa ukucha. Ukikiachia mapema, bodi inaendelea na mambo yake. Mhandisi mwenye shahada anakaa pale ameinama, kidole kimekufa ganzi, hathubutu kukohoa. Saluni zote za Kenyatta Avenue hazina mahali pa kumfunza mtu utulivu wa namna ile.

Mzee wa Bahati amelielewa jambo hili kuliko wenzangu wa taaluma. Akipiga simu huuliza kwa upole, "Injinia, ile mashine yetu imefikia wapi?"

"Bado nasakinisha, Mzee."

"Haya, sakinisha vizuri. Huku mama anashika mpira."

Mama ameshika mpira msimu mzima, akiuzungusha mstari kwa mstari, na akiona udongo umekolea anahamia mwingine. Nyanya zimekwenda Soko la Wakulima zikiwa nyekundu na ngumu, bila kihisi hata kimoja kuharibika wala valvu kukwama. Mzee ameridhika na teknolojia yangu kiasi kwamba sasa anapiga nguzo za grinihausi ya pili, na ameniomba nayo niishughulikie vilevile, bila haraka.