Miguu Ifike Chini Kwanza

Ukitaka kujua ukoo wako una mabingwa wangapi wa pikipiki, tangaza kwamba unataka kununua moja. Mimi nilitangaza mezani wakati wa ugali, na kabla mboga haijapoa nilikuwa nimepewa ushauri wa kutosha kufungulia chuo. Ulikuwa ushauri wa watu wanaojua wanachosema, ila ulikuwa na kasoro moja: kila mmoja alinichagulia pikipiki yake.

Baba mdogo, bwana shamba mstaafu, alisema hakujawahi kutokea pikipiki baada ya Yamaha AG100. Hiyo iliundwa kwa ajili ya mashamba, ina keria mbele na keria nyuma, na yeye aliipanda miaka yote ya utumishi wake kwenye matope ya Mufindi. "Mbele unaweka mbolea, nyuma unafunga mbuzi," alisema. Nikamkumbusha kwamba mimi nafundisha jiografia na sina mbuzi. "Utampata tu," akanijibu, na kwake mjadala ukawa umefungwa.

Shemeji yangu, ofisa wa afya, hakutaka kusikia habari za AG. Yeye ni mtu wa DT 125. Mpwa wangu aliye kidato cha sita akatoa simu na kunionyesha chombo ambacho mwendeshaji hukalia kifua chake kikiwa juu ya tangi na makalio yakielekea mbinguni. Mimi nimeshapita miaka arobaini na mgongo wangu una maoni yake. Mama watoto hakutazama picha hata moja. Alisema hela hiyo inanunua jokofu, na jokofu halijawahi kumvunja mtu mguu.

Sasa, katika wote hao hakuna aliyeniuliza swali ambalo lilipaswa kutangulia yote: miguu yangu ina urefu gani? Mimi ni mmoja wa wale watu ambao kwenye picha ya shule huambiwa wachuchumae mbele. Na anayeanza pikipiki haanguki kwenye mwendo kasi, kama wake zetu wanavyodhani. Kwenye mwendo kasi bado hajafika. Anaanguka akiwa amesimama: njia panda, kituo cha mafuta, nje ya kanisa ibada ikitoka. Anasimama, anashusha mguu, ardhi haipo mahali alipoitarajia, na kilo mia na ushei za chuma zinaanza kuinama upande huo bila haraka, kwa heshima, watu wote wakiona.

DT ya shemeji niliijaribu kwenye kiwanja cha mpira cha shule. Ni pikipiki ya njia mbovu, kwa hiyo imenyanyuka ili isigonge mawe, na kiti chake kilikuwa kwenye usawa wa mbavu zangu. Nilipanda kwa kusaidiwa. Ilitembea vizuri tu, ikitoa moshi wa oili inayoungua pamoja na petroli, hadi nilipotaka kusimama karibu na goli. Iringa haina kiwanja kilicho sawa kabisa; upande niliouchagua kwa mguu wangu ulikuwa wa bondeni. Kidole gumba kiligusa nyasi, wenzake hawakugusa, na mimi na mali ya shemeji tukalala pamoja. Shemeji alikuja mbio akipiga yowe la uchungu wa kweli. Akainua pikipiki, akaifuta tangi kwa shati lake, akachungulia indiketa, akaizungusha kuikagua upande wa pili. Mimi niliinuliwa baadaye na mlinzi wa shule.

Tangu siku hiyo kila pikipiki niliyoletewa niliikalia kwanza ikiwa imezimwa, nikakanyaga chini kwa nyayo mbili kamili, visigino vikiwemo. Madalali walinicheka. Waache wacheke, wao hawatakuwepo njia panda.

Baada ya miguu, mlima. Mji wetu umekaa juu na barabara kuu ya kwenda Mbeya inapita chini, Ipogolo, na kati ya hapo na mjini kuna mpando ambao umewahi kuwanyamazisha wanaume wengi wenye maneno. Ndiyo maana vijana hapa wanazungumzia cc namna wazee wanavyozungumzia ng'ombe. Mwenye cc 150 haoni haya kumsalimia mwenye cc 100 kwa huruma. Ukweli ni kwamba kwa mtu mmoja, mke mmoja na mfuko wa mahindi siku ya gulio, cc 125 zinapanda mlima ule bila malalamiko, na mgeni wa kazi hii hahitaji nguvu zaidi. Anahitaji zisizomzidi mkono anapokurupuka na kuvuta mafuta mengi kwa sababu mbwa amemtokea.

Kama ingekuwa ni kuchagua kwa akili peke yake, bila mlima wala mahindi, ningesema mgeni atafute Honda Cub na insha iishie hapa. Imekuwa ikiundwa tangu 1958, haina mkono wa klachi hata kidogo, unapita katikati yake hata ukiwa na kanzu, na mwaka 2017 idadi ya zilizotoka viwandani ilivuka milioni 100. Mkuu wetu wa shule ya msingi alikuwa nayo. Ilikuwa haimkimbizi wala haimwangushi, na alikuwa anafika shuleni nywele zimelala vilevile. Lakini muulize fundi wa hapa kipuri cha Cub uone atakavyokutazama.

Fundi ndiye kipimo cha tatu, na pengine ningemtanguliza. Kabla hujapenda pikipiki yoyote, nenda kwa fundi aliye karibu na kwako, yule wa chini ya mti mwenye kopo la petroli chafu la kuoshea vyuma, umtajie jina lake. Akianza kueleza uzuri wake, iache, hajawahi kuifungua. Akianza kuitukana kwa utaratibu, plagi hivi, kabureta vile, kebo ya klachi haimalizi mwaka, hiyo ni ya kununua.

Wajapani waliielewa hali hii mapema. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125 baada ya kuona kwamba wateja wa nchi kama zetu hawabadilishi oili kwa tarehe. Wanaendesha hadi chombo kigome, halafu wanakipiga teke na kuendelea. Badala ya kutuandikia kitabu kirefu zaidi cha maelekezo, ambacho tungefungia maandazi, waliunda injini ya kuvumilia. Valvu zake husukumwa na vijiti vya chuma, hakuna cheni ya huko juu ya kuhangaika kuikaza. Wachina wakaipenda, wakaiga, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani kwetu zimebeba injini ya ukoo huo chini ya majina tofauti tofauti. Ndiyo maana fundi wa chini ya mti anaifungua huku akiongea na simu.

Kwa kuwa mfuko ulikuwa mwepesi, nilianza na za mkononi. Hapo nikakutana na dalali.

Dalali hana pikipiki iliyowahi kufanya kazi. Zote zilikuwa za padri, za sista, au za daktari mmoja aliyekwenda kusoma Ulaya. Aliyoniletea mimi ilikuwa ya sista. Kwenye dashibodi, kilomita zilikuwa chache kiasi cha kunifanya nimwonee huruma sista kwa kukaa ndani. Ila nilikuwa nimeshafundwa na fundi: usitazame dashibodi, kwa sababu kebo yake huchomolewa kwa mkono mmoja. Tazama mpira wa pedeli ya gia. Wa sista huyu ulikuwa umeisha, umebaki chuma kinachong'aa. Kiti kilikuwa kimeshonwa upya, na bango la nyuma lilikuwa na maandishi yaliyokwanguliwa nusu. Kilichosalia kilisomeka "wivu wenu".

Hii ilikuwa pikipiki iliyomaliza mkataba. Kwa asiyejua: tajiri ananunua pikipiki, anampa kijana, kijana analeta hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, mwisho wa muda pikipiki inakuwa yake. Utaratibu mzuri kwa kijana. Kwa pikipiki ni jambo jingine, maana katika muda wote huo hakuna anayeihurumia. Tajiri anataka hesabu, na kijana anataka hesabu pamoja na chake. Siku mkataba unapoisha ndiyo siku inapopelekwa kwa dalali kuwa ya sista.

Hata hivyo nilikubali kuijaribu, kwa adabu tu. Dalali akapanda nyuma tukaanza kuupanda mlima wa Ipogolo. Chuo cha udereva nilikojifunzia walikuwa na pikipiki ambayo gia zote ni za kukanyaga mbele: moja, mbili, tatu, unakanyaga tu kadiri unavyoongeza mwendo. Kumbe zipo nyingine ambazo ya kwanza ndiyo ya kukanyaga na zilizobaki ni za kunyanyua kwa kidole, na ya sista ilikuwa ya kundi hilo. Niko kwenye gia ya pili, lori linanihema mgongoni, nataka ya tatu, nikakanyaga kwa moyo wote. Ikaingia ya kwanza. Injini ikapiga kelele, tairi la nyuma likajikaza, na uzito uliokuwa mgongoni kwangu ukatoweka. Nilipogeuka, dalali alikuwa amesimama barabarani kwa miguu yake miwili, kiatu kimoja kikiwa kimebaki kwenye kikanyagio. Akakiendea akichechemea, akakivaa, akajifuta vumbi.

"Umeiona nguvu yake, bosi?"

Nikanunua mpya, dukani, kwa kuongezea mkopo wa chama chetu cha walimu. Boxer ya cc 125, nyeusi, kiti cha kufikika, ya kutukanwa na kila fundi kutoka Mlandege hadi Kihesa. Asubuhi za mwezi wa saba, Iringa ikiwa kwenye baridi yake, lazima uvute choki na kuipigia kiki kadhaa huku majirani wakikuangalia kupitia pazia, na mara mojamoja kiki inarudi na kukukumbusha kwamba ugoko una mfupa. Lakini haijanilaza chini. Kwa vipimo vyangu vyote vitatu ni pikipiki sahihi kabisa kwa mtu anayeanza.

Tatizo la pikipiki sahihi ni kwamba vijana wa bodaboda walishaitambua kabla yako. Ukiinunua unanunua na kazi yao.

Wiki ile ile nilipoitoa dukani, mzazi mmoja alinisimamisha nje ya ofisi akanishika mkono kwa mikono miwili. "Hongera sana mwalimu kwa kujiongeza. Kwa mishahara hii, umefanya la maana." Mkuu wa shule aliniita akaniuliza, kwa upole, kama ratiba ya vipindi haitanibana. Nikieleza kwamba ni usafiri wangu binafsi, watu wanatikisa kichwa kwa namna ya kunihifadhia siri.

Halafu akaja bibi. Nilikuwa nimeegesha nje ya benki karibu na Soko Kuu, nasubiri foleni ya ndani ipungue, nikahisi pikipiki inazama nyuma. Nikageuka. Bibi mwenye kilemba na kapu la nyanya chungu alikuwa ameshakaa upande, kapu liko mapajani, mkono mmoja umeshika koti langu.

"Kamwene, mwanangu. Kihesa. Mia saba."

"Shikamoo bibi. Samahani, mimi siyo—"

"Mia saba, nyie mmezidi. Twende, jua linaniunguzia nyanya."

Wewe mtoto wa watu utamshusha? Nikampa kofia ngumu, akaikataa kwa ajili ya kilemba. Nikamsihi, akaipakata juu ya kapu. Tukaenda mwendo wa mguu wa kuku, mimi nikijilinda na kila tuta, yeye akilalamika kwamba angetembea angeshafika. Karibu na kwake akauliza nimeanza lini kazi hii. Nikaona nipate nafasi ya kujisafisha: "Bibi, mimi ni mwalimu wa sekondari."

Akanyamaza. Alipotelemka alifungua fundo la kitenge, akahesabu mia saba, akanitazama, akaongeza mia tatu. "Pole, mwanangu," alisema. "Mungu atawakumbuka."

Niliporudi benki, vijana wa kijiwe cha pale walikuwa wamenisubiri, wote na vizibao vyao vyenye namba. Nimebeba abiria wao, sina namba, sina kizibao, na nimepita mbele ya kijana ambaye zamu ilikuwa yake. Mwenyekiti akatoka katikati yao. Nikamfahamu mara moja. Nilimfundisha kidato cha pili, na kuna Jumatatu nilimpigisha magoti kwa kuruka foleni ya uji.

"Ticha," alisema, na tabasamu lake lilikuwa limengoja miaka mingi. "Hapa haturuki foleni."

Faini ya kijiwe ni soda kwa wote waliopo. Elfu moja ya bibi haikutosha hata soda mbili, na waliokuwepo walikuwa wengi, wengine nadhani waliitwa kwa simu. Wakati wakinywa, mmoja akachuchumaa akaipapasa cheni yangu, akasema imelegea, akaikaza bure.

Habari hufika nyumbani kabla ya mwenye nyumba. Mama watoto alikuwa mlangoni, amejifunga khanga kiunoni, ameshaambiwa yote kuhusu bibi wa Kihesa. Hakusema neno juu ya jokofu. Alinyoosha tu kiganja.

"Hesabu ya leo?"

Nikamwambia biashara ilikuwa mbaya.