Sifa za Eneo Lisilotakiwa

Katika shule za sekondari za Kitui na Makueni hakuna kinachofanyiwa kazi nyingi kikaambulia shukrani chache kama eneo lisilotakiwa. Mwanafunzi hukutana nalo kidato cha pili, kwenye grafu za alama za < na >, akadhani wameagana. Kidato cha nne analikuta linamngoja, tena kwenye mtihani wa KCSE swali lake huwa na alama 10. Ncha ya penseli inaisha, kiganja kinakuwa cheusi. Heshima ya namna hii hata jibu lenyewe halipati.

Maana desturi ya Kenya ni kutia kivuli kile kisichotakiwa. Vitabu vingi vya Marekani hupaka rangi jibu, kwa upendeleo wa wazi kabisa. Mkenya humaliza penseli kwa wanyonge waliokataliwa.

Chukua mkulima wa Mwingi mwenye ekari 4, mvua za Oktoba hadi Desemba zikikaribia. Mahindi yapate ekari x, ndengu ekari y. Shamba halitanuki: x + y ≤ 4. Nyumbani muthokoi wa mahindi lazima upikwe: x ≥ 1. Ndengu huvumilia ukame kuliko mahindi na hukomaa kwa miezi miwili au mitatu, basi ameamua zizidi: y > x. Mstari wa sharti hili huchorwa vipande vipande, kwa sababu nukta zilizo kwenye mstari wenyewe nazo zimekataliwa. Unyenyekevu ulioje, kusimama mpakani ili kutangaza kwamba wewe mwenyewe humo!

Kivuli kikianza, hakibagui. Kinameza ekari zinazozidi shamba, kinameza hata ekari hasi, ambazo hakuna dalali aliyewahi kuziuza. Kinabakiza pembetatu yenye ncha (1, 1), (1, 3) na (2, 2), na mbili kati ya hizo ziko kwenye mstari wa vipande, kwa hiyo nazo zimetoka. Kwa ekari kamili mkulima amebaki na njia mbili tu: mahindi 1 na ndengu 2, au mahindi 1 na ndengu 3.

Mwaka 1947 George Dantzig alibuni njia ya kukokotoa jibu bora la maswali ya aina hii kwa kuhama kutoka pembe hadi pembe, bila kivuli chochote. Mtahiniwa wa mjini Wote hana msamaha huo. Akitaka kujua upande wa kupaka, hukimbilia (0, 0), kipenzi cha wavivu. Lakini kwa y > x nukta hiyo imekalia mstari wenyewe na haisemi lolote. Itabidi aulize (0, 3), kisha apake ng'ambo ya pili.