Pembetatu ya Manjano

Garsen haikosi maonyo. Mabwawa yakijaa huko juu, tangazo la kuhama hutangulia maji kwa siku kadhaa, na mwenye shamba kando ya mto Tana hutazama jua kali, akatazama miembe yake, akasema, "Tutaona." Novemba 2023 mafuriko yalikuja, wakaona.

Saiba nazo zina falsafa hiyo hiyo. Kompyuta ya mtumba inawashwa, pembetatu ya manjano yenye alama ya mshangao inachomoza, na kijana wa kaunta anaifukuza kwa kidole kimoja huku kingine kimeshika sambusa. Mteja aliyeleta shida zake za eCitizen anauliza kuna nini. "Ni draiva tu, mama." Mama anaelewa: draiva wa basi la Malindi naye huonywa kila siku, na basi hufika.

Kusema haki, kijana hakosei daima. Kodi 28 ya Windows husema tu kwamba draiva haijawekwa. Kama ni ya kisoma alama za vidole ambacho hakuna anayekigusa, kizimwe, kelele ziishe. Lakini diski inayolalamika kwamba inakufa? Hapo faili zinakiliwe kwanza, mabishano baadaye.

Kwenye mashine hii ya saiba maonyo yote mawili, la draiva na la diski, yamenyamazishwa siku moja, kwa usawa wa kupigiwa mfano. Printa inanguruma, inatema nusu ya fomu ya cheti cha kuzaliwa, inakwama.

"Mtandao," anasema kijana.