Maprofesa wa Kahawa

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Pasua, chini ya Mlima Kilimanjaro, kimejaa maprofesa wasio na mshahara. Juzi kijana mgeni, kikombe chake cha kwanza hakijapoa, akauliza: "Wazee wangu, kilele kiko juu, karibu na jua kuliko sisi. Mbona sisi tunaungua, chenyewe kina barafu?"

Tukamcheka mpaka kashata zikatupalia. "Huyu kashuka basi gani?" "Mwongezeni kikombe, hicho hakijamfika kichwani!"

Kicheko kilipokwisha, akasema taratibu: "Haya, nijibuni." Kimya. Kila profesa akakumbuka ana mbuzi wa kulisha.

Si sisi wa kwanza kucheka. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji Kilimanjaro. William Desborough Cooley, bingwa wa ramani za Afrika aliyekaa zake London, akamkejeli. Mlima haukumjibu, uliendelea kuwa mweupe.

Jibu lenyewe? Hewa hupashwa joto zaidi na ardhi. Ikipanda hutanuka na kupoa, takriban digrii 6 kila mita 1,000. Kilele kiko mita 5,895. Nimefundishwa na binti wa muuza kahawa, kidato cha pili. Siku ile hakucheka: alikuwa akiosha vikombe vya maprofesa.