Bili ya Mteja wa Kumi na Moja

Programu za uhasibu zilizoandikwa kwa ajili ya MS-DOS, mfumo endeshi uliotoka mwaka 1981 na ambao mtumiaji wake aliuamuru kwa kuandika maneno badala ya kubofya picha, zingali hai katika baadhi ya maduka ya jumla, na hazina tabia ya kufa eti kwa sababu kompyuta iliyozibeba imetupwa. Mhasibu aliyezizoea hutoa bili huku macho yake yakiwa kwa mteja, na amani yake hudumu mpaka siku ofisi itakapomnunulia kompyuta mpya na printa ya leza.

Programu ya DOS haikuzoea kuomba ruhusa. Ilituma herufi zake moja kwa moja LPT1, jina la tundu la printa lenye pini 25 nyuma ya kompyuta, na printa ya sindano, ile inayogonga utepe wa wino kwa kelele za kumwamsha mlinzi, ilichapa mstari baada ya mstari. Windows imeweka katikati draiva, yaani programu inayotafsiri waraka kwa lugha ya printa husika, na kila waraka sharti upitie huko kama barua inayopitia masjala. Programu kongwe haina habari na masjala, na tundu lenyewe halipo tena, kwa kuwa printa ya leo huunganishwa kwa USB. Fundi hutumia amri ya NET USE, ambayo huliacha jina la LPT1 mahali pake lakini ikapeleka kila kitu kwenye printa iliyoshirikishwa mtandaoni; na kwa kuwa Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, mara nyingine humlazimu kusimika vDos, programu inayoigiza kompyuta ya zamani.

Hapo ndipo printa inapoanza kuchapa, na ndipo vituko vinapoanza. Karatasi ya inchi 11, kwa mistari sita kila inchi, hubeba mistari 66, na programu nyingi za kale huhesabu hiyo 66 bila kuuliza mtu. Printa ya leza, isiyoweza kuchapa hadi ukingoni, huweza kuwa imepangwa kupokea mistari 60 tu. Basi mteja wa kwanza hupewa orodha ndefu ya misumari na mabati isiyo na jumla, kwa sababu mistari sita ya mwisho, yenye jumla, kodi na mahali pa sahihi, imebaki ndani ya printa ikingoja karatasi ijae, huku taa ikiwaka na kuzima. Mteja wa pili hukuta deni la mwenzake juu ya jina lake mwenyewe, na wa tatu hukuta la wa pili, tena limeshuka zaidi. Mtu huipiga printa kofi. Bili kumi hufanya mistari 660, ambayo ni karatasi 11 kamili za mistari 60, kwa hiyo bili ya kumi na moja huanza juu kabisa, safi, na aliyepiga kofi hudai sifa zote.

Dawa yenyewe haina fahari: ni kubadili hesabu ya mistari ndani ya programu, kisha kuhakikisha kwamba kila bili inafungwa kwa herufi ya udhibiti namba 12, inayoiamuru printa iitoe karatasi hata kama haijajaa. Mistari ya jedwali iliyogeuka kuwa safu za Ä na ³ huhitaji matibabu mengine, kwani alama hizo zina namba zilezile, ila Windows huzisoma kwa orodha nyingine ya herufi.

Yote yakishakamilika, mhasibu huuliza nakala ya kaboni iko wapi. Leza haigongi karatasi, kwa hiyo nakala ya chini imetoka nyeupe, na kijana hutumwa stoo kuifuta vumbi ile printa ya sindano.