Bwawa la Ukoo

Dalali wa Mbezi Beach aliujua udhaifu wa mume wangu kabla hata ya kumwona. Jikoni alitupitisha mbio, chumbani akawasha taa na kuizima, kisha akafungua mlango wa uani, akanyamaza. Bwawa la kuogelea, mita 10 kwa 5, la wapangaji wote wa ghorofa, ila mlango uliolitazama ulikuwa wetu. Baba Watoto hakuuliza tena habari za makabati. Tukalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja ikaenda kwa dalali, kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam.

Habari zilifika Gongo la Mboto makochi yetu yakiwa bado garini. Jumamosi wifi akashuka kwenye bajaji na watoto wake, na wa jirani yake, na sufuria ya pilau.

"Wifi, tumekuja kuwajulia hali," alisema, macho yako uani.

Watoto walikuwa wamepakwa mafuta ya nazi utosini hadi kisiginoni. Kufika magharibi maji yalikuwa na utando, na punje za pilau zikielea juu yake.

Zikaja Jumamosi nyingine. Macho ya watoto yakawa mekundu, harufu ya dawa ikaingia hadi sebuleni. Wifi akamvaa fundi wa bwawa: klorini anazidisha! Kijana akajibu kwa upole kwamba klorini hunuka vile na kuwasha macho ikishakutana na jasho na mkojo. Wifi akawapanga watoto ukutani, akahoji mmoja mmoja. Wote wakaruka. Mdogo wao ndiye aliyenyoosha kidole, akamwelekeza mjomba. Baba Watoto akakumbuka ana simu ya kupiga.

Mwisho wa mwaka 2022 kina cha Mto Ruvu kikashuka, na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji. Mabomba yakakauka, umeme nao ukawa wa kuja na kuondoka. Pampu ikisimama maji hayachujwi, na jua linaila klorini. Bwawa likageuka kijani kama mlenda. Hakuna aliyetaka kuogelea. Lakini zile lita 75,000 zilikuwa palepale, na vyoo vya ghorofa nzima vilikuwa vinangoja.

Hapo ndipo mama mkwe, aliyekuja kutoka Korogwe kusalimia tu, alipochukua madaraka. Tangu afike alikuwa akiuliza kwa nini maji yote yale hayamwagilii hata tuta la mchicha. Sasa akaweka kiti ukingoni, akajifunga kanga kiunoni, akatoa amri: ndoo moja kwa choo kimoja, asubuhi na jioni, na wa kunywa akanunue. Wapangaji waliokuwa hawasalimiani kwenye ngazi wakawa wanashikiana ndoo.

Mwenye nyumba akatuma ujumbe mkali: kwa mujibu wa mkataba, bwawa ni la kuogelea, kuchota ni marufuku. Mama mkwe akasomewa, akaomba asomewe tena, akacheka.

Jumapili geti likagongwa. Mwenye nyumba mwenyewe, madumu mawili mkononi. Kwake nako kulikuwa kukavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Foleni inaanzia kule nyuma."